Trekta Lililozima Adhuhuri

Siku yangu ya kwanza kazini nilikwenda na sketi. Hakuna aliyenieleza nivae nini, na kwetu enzi hizo msichana kuvaa suruali lilikuwa jambo la kuitishia kikao. Fundi Mkuu wa karakana, mzee mrefu aliyetembea ameinama kidogo kama anayetafuta nati iliyodondoka, alinitazama mara moja tu, akaingia stoo, akatoka na ovaroli iliyofuliwa mpaka rangi yake haijulikani.

"Vaa juu ya hiyo sketi," alisema. "Grisi haichagui mwanamke wala mwanamume."

Kisha akanisukumia debe lililojaa plagi kuukuu. Kwa ninyi vijana ambao mnajua kuendesha tu, plagi ni kile kipande cha chuma na kauri kinachofungwa kichwani mwa injini ya petroli. Ncha yake ina mwanya mdogo. Umeme ukiruka mwanya ule, cheche inatoka, petroli iliyochanganyika na hewa inalipuka, na injini inapata nguvu. Bila cheche, injini ni chuma kizito tu. Nilidhani nitaambiwa nizisafishe. Fundi Mkuu aliniambia nizisome.

"Nisome nini, mzee? Mbona hazina maandishi?"

"Zina rangi."

Wiki ile sikugusa spana. Nilitandaza gunia chini nikazipanga plagi kwa mafungu. Nyeusi kavu kama masizi ya chungu, hiyo injini yake inakula petroli kupita kiasi. Nyeusi yenye utelezi, injini inapitisha oili. Nyeupe kama chaki, imeungua kwa joto. Ya kahawia, kama tofali lililoiva vizuri tanurini, hiyo imetoka kwenye injini yenye afya. Jioni Fundi Mkuu alipita, akaokota moja, akaishika mbele ya uso wangu, nami nikasema ugonjwa wake. Nikikosea hakufoka, aliirudisha kwenye debe, akaenda zake, nikabaki na aibu yangu. Nikipatia alisema, "Haya," basi, na hiyo "haya" nililala nayo usiku kama mtu aliyepewa zawadi.

Karakana yenyewe ilikuwa hapa hapa Songea mjini. Tulitengeneza malori ya mahindi na tumbaku, pampu, mashine za kusaga, chochote chenye injini. Mwanamke nilikuwa peke yangu. Wateja waliingia wakauliza, "Fundi yuko wapi?" na mimi nimesimama mbele yao na spana mkononi. Niliwajibu, "Anakuja," nikaendelea kufungua boneti. Gari likiwaka, wengine walicheka, wengine walisahau kushukuru. Nilizoea.

Fundi Mkuu alinielekeza kwenye umeme wa injini kwa sababu, alivyosema mwenyewe, nina vidole vyembamba na sina haraka. Mfumo wa kuwasha wa zamani ulikuwa na ndugu wanne. Wa kwanza ni plagi. Wa pili ni koili, kikopo ambacho ndani yake mna waya mwembamba kama unywele uliozungushwa mara nyingi sana. Kazi yake ni kuchukua umeme mdogo wa betri na kuufanya mkali wa kuruka mwanya. Wa tatu ni platini, vibati viwili vinavyogusana na kuachana kila injini inapozunguka. Vikiachana tu, koili inatema. Wa nne ni kondensa, kidude kidogo kinachomeza umeme wa ziada ili platini zisiungue. Mmoja akiugua, wote wanaonekana wagonjwa. Hapo ndipo mafundi wengi walipopotea. Gari likigoma walibadilisha plagi, platini na kondensa kwa mkupuo, likawaka, wakapokea soda.

"Ukibadilisha vitu viwili kwa pamoja na injini ikapona," Fundi Mkuu alituambia, "umepata injini, umekosa elimu. Kesho likigoma tena utaanza upya kama jana hukuwepo."

Alistaafu kabla sijafikia kuitwa fundi kamili. Siku anaondoka alinipa geji yake, yale majani membamba ya chuma ya kupimia mwanya wa platini. Niliifunga kwenye kitambaa.

Baadaye nilihamishiwa Tunduru. Mume wangu, aliyekuwa mwalimu, alibaki Songea na watoto, nami nikapanda basi. Safari ya Tunduru wakati huo hukuiuliza inachukua muda gani. Uliuliza kama mvua imenyesha. Kazi yangu kule ilikuwa mashine za kupulizia salfa kwenye mikorosho. Ni mashine ya kubeba mgongoni, yenye injini ndogo ya petroli inayotoa upepo wa kurusha unga wa salfa juu ya mti. Mkorosho ukikosa salfa wakati wa kutoa maua, ukungu unayala maua, na mwaka wa mkulima umekwisha hapo.

Mkubwa wangu alikuwa Afisa Zana, mtu mnene mwenye sauti ndogo, ambaye kila asubuhi alipita akihesabu mashine zilizolala sakafuni.

"Benedikta," aliniambia siku moja nilipolalamika kwamba wakulima wananisukuma, "mkulima huyu hakukuletea mashine. Amekuletea ada ya shule, amekuletea bati la nyumba, amekuletea mahari ya mwanawe. Usitazame kile anachokubebea mgongoni tu."

Tunduru nilizoea injini ndogo kuliko mafundi wengi wa magari. Nilizoea pia kuishi na watu wa dini nyingine. Mimi ni Mkatoliki, nimebatizwa nikiwa mchanga. Jirani zangu Wayao walikuwa Waislamu, na mwezi wa Ramadhani hawakuniacha nipike jioni. Uji wa futari uliletwa mlangoni kwangu kama vile nami nimefunga. Nilijifunza nyakati zao za swala bila kufundishwa, kwa kuishi tu. Sikujua kwamba ujuzi huo nao ungekuja kuwa wa kazi.

Niliporudishwa Songea nilikuwa mtu mzima. Nilipewa kitengo cha zana ndogo katika karakana nyingine, chini ya Meneja wa Karakana, kijana kwangu kwa umri lakini mtu wa heshima, aliyeniita "mama" na kunipa shikamoo kila asubuhi kabla ya kunipa kazi. Hapo ndipo lilipotokea hili ninalotaka kuwasimulia kwa kirefu, miaka michache tu kabla sijastaafu.

Upande wa Maposeni kulikuwa na shule ya bweni ya wasichana iliyoendeshwa na masista. Walikuwa na shamba la mahindi, na chini bondeni, kando ya kijito, bustani kubwa ya mboga. Walikuwa pia na trekta dogo la bustani, la silinda moja, lililoletwa na wafadhili zamani. Rangi yake nyekundu ilishapauka ikawa kama nyanya iliyosahaulika juani. Dereva wake alikuwa Mzee Rajabu, mtu wa Tunduru, aliyefanya kazi pale miaka mingi. Alilima nalo matuta, alikata nalo majani, na kila siku alipandisha nalo tela la mboga kutoka bondeni hadi jikoni.

Sista Mtunza Mali alipiga simu karakana, Meneja akanipa nizungumze naye mwenyewe.

"Mama fundi, naomba uje useme neno moja tu," alisema. "Trekta letu ni zima au ni bovu."

"Linafanyaje, Sista?"

"Linazima mchana, miezi sasa. Kila siku adhuhuri, mahali pale pale, karibu na kijito. Tukishuka tunamkuta Rajabu anaswali, au amekaa kivulini. Fundi akitoka mjini akifika, linawaka mara moja. Mafundi wenu wamekuja mara ya kwanza, wakaja tena. Wamesafisha kabureta, wamebadilisha plagi, wanasema halina kitu. Mimi simkatazi mtu kuswali. Mungu ni mmoja. Ninachokataa ni uongo. Mboga zinanyauka njiani, watoto wanakula maharage matupu. Wewe ukiniambia trekta ni zima, Jumatatu namleta dereva mwingine."

Nilipanda pikipiki ya karakana nikaenda. Nililikuta trekta limesimama chini ya mti wa mparachichi karibu na jiko, limepoa. Nilipiga stata, likawaka mara moja. Nilichomoa plagi, nikaisoma: kahawia, ya injini yenye afya. Niliigusisha kwenye mwili wa injini nikapiga stata tena. Cheche ikaruka ya bluu, inapiga kelele kama kijiti kinachovunjika. Nilifungua kifuniko cha platini, nikapima mwanya kwa geji, uko sawasawa. Sista alikuwa amesimama nyuma yangu mikono ameikunja kifuani. Sikuwa na kitu cha kumwonyesha.

Meneja alipiga simu. "Mama, umeona nini?"

"Mpaka sasa sijaona kitu."

"Basi mwambie zima, urudi. Vijana wetu wameshafika hapo zaidi ya mara moja. Tukianza leo kusema bovu, wataona tulikuwa tunawalia muda."

Hakusema kwa ubaya. Alikuwa na karakana ya kutunza, na mimi kweli sikuwa nimeona ubovu. Neno "zima" lilikuwa tayari mdomoni. Lakini kufunga kazi ya mtu kwa neno langu, tena mtu ambaye sijamsikia hata sauti yake, kulinishinda. Nikamwuliza Sista, "Dereva yuko wapi?"

Mzee Rajabu alikuwa nyuma ya stoo, ananoa jembe ambalo halikuhitaji kunolewa. Mtu mkavu, kofia ya kushona kichwani, ndevu chache nyeupe kidevuni. Alikuwa mkubwa kwangu kidogo.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba, mama. Umekuja kunihukumu?"

"Nimekuja kutazama trekta. Limenigomea kusema. Naomba wewe uniambie linavyofanya."

Aliacha kunoa. Alinitazama kwa muda kama anayepima kama swali lile lina mtego ndani yake.

"Nikuambie toka wapi?"

"Toka asubuhi unapoliwasha."

Basi akasema, polepole, kwa Kiswahili cha kwao. Asubuhi, kukiwa na baridi, trekta linashuka na kulima halina neno. Anapakia tela. Anapoanza kupanda na mzigo, jua limeshakuwa kali, linaanza kukohoa. "Halizimi kwa kishindo, mama. Linakabwa. Linapiga, linaruka moja, linapiga, linaruka mbili, halafu kimya." Likifika hapo, apige stata asipige, haliwaki. Akiliacha lipoe, linawaka kama halijawahi kuugua.

"Na siku za mvua?"

Aliinua kichwa. "Siku za mvua halizimi."

"Hata na mzigo?"

"Hata na mzigo. Juzi ilinyesha kutwa, nimepandisha matela mawili." Kisha akaongeza, na hapo sauti yake ilibadilika: "Mimi nikitaka kuswali naomba ruhusa. Sijawahi kunyimwa hapa. Trekta linazima, nakaa nalisubiri lipoe, adhuhuri inanikuta pale, naswali. Wao wakishuka wanaona naswali. Kuzima kwake hawakuoni. Sasa vibarua wananiita Mzee Stopu. Niitwe mwongo mimi, kwa umri huu, kwa ajili ya rakaa nne?" Tangu Tunduru nilijua rakaa nne hazichukui hata muda wa injini kupoa.

Nilirudi kwa Sista nikamwambia, "Siwezi kusema zima, na siwezi kusema bovu. Nipe kesho nzima. Nataka kushuka nalo bondeni nikae nalo mpaka lizime."

"Na lisipozima?"

"Nitakuambia halikuzima."

Meneja nilimweleza vile vile. Alivuta pumzi kwenye simu, akasema, "Sawa mama, ni siku yako."

Asubuhi iliyofuata ilikuwa na kile kibaridi chetu kinachoingia hadi kwenye kucha. Nilikaa ndani ya tela na mkoba wa vifaa, na balbu ndogo niliyoichomelea waya mbili. Trekta lilishuka vizuri, likalima vizuri. Nilizunguka pembeni yake, mara kwa mara nikigusa sehemu kwa nyuma ya vidole. Silinda ilipasha, kama inavyopasa. Koili ilikuwa imefungwa karibu kabisa na bomba la moshi. Aliyeifunga hapo zamani labda alikosa waya mrefu. Ilikuwa inapasha pia.

Jua lilipopanda tulipakia kabichi na matembele. Mzee Rajabu akatia gia, tukaanza kupanda. Tulivuka kijito. Hatukufika mbali, nikalisikia. Linapiga, linaruka moja. Linapiga, linaruka mbili. Likanyamaza.

Rajabu hakugeuka. Aliweka mikono juu ya usukani, akasema mbele yake, "Umesikia, mama?"

"Nimesikia."

Ilibidi niharakishe, kwa maana kila dakika ya kupoa ilikuwa inanifutia ushahidi. Kwanza nililegeza mfuniko wa tangi, kwa sababu tundu lake dogo la hewa likiziba, petroli haishuki na injini inakufa namna hiyo hiyo. Hakuna kilichobadilika. Nikachomoa plagi kwa kitambaa, inachoma. Ilikuwa na unyevu wa petroli. Kumbe petroli inafika, haiungui tu. Nikaigusisha kwenye chuma, Rajabu akapiga stata. Hakuna cheche. Hata ya njano iliyo dhaifu, hakuna. Ilikuwa plagi ile ile ya jana.

Nilifurahi, nawaambia kweli. Fundi anayekuta ubovu hafurahi kwa kuwa kitu kimeharibika. Anafurahi kwa kuwa kimeacha kumficha.

Nikaunga balbu yangu kwenye waya unaotoka koili kwenda platini, Rajabu akapiga stata. Balbu ikapepesa: kuwaka, kuzima, kuwaka, kuzima. Maana yake umeme wa betri unafika, na platini zinagusana na kuachana kama kawaida. Walibaki wawili, kondensa na koili. Nilikuwa na kondensa mpya mfukoni. Niliibadilisha hiyo peke yake. Stata. Hakuna cheche.

"Nipatie maji," nikasema.

Kijito kilikuwa nyuma yetu, lakini Rajabu alikuwa na birika lake la udhu limening'inia kwenye tela. Alinipa hilo. Nililoweka kitambaa, nikakizungusha kwenye koili. Kilitoa mvuke. Nikakiloweka tena, nikakizungusha tena. Silinda ilikuwa bado inachoma. Trekta lote lilikuwa bado la moto, isipokuwa kikopo kile kimoja.

Hapo ndipo Sista aliposhuka. Tulimsikia kabla hatujamwona, viatu vyake vikiburuza mawe, na nyuma yake mpishi na vibarua wawili waliotaka kuona. Alisimama juu yetu anahema.

"Limezima," alisema, kama anayesoma kitu alichokijua zamani.

"Limezima nikiwa nalo, Sista," nilimjibu. "Naomba usimame hapa utazame ncha ya hii plagi. Mzee Rajabu, piga."

Cheche ikaruka, ya bluu.

Nikarudisha plagi mahali pake, Rajabu akapiga stata, trekta likawaka na kunguruma bondeni kote. Nilimwambia asubiri. Nilitoa kitambaa. Nilimweleza Sista kwamba ule waya mwembamba ndani ya koili umepakwa kitu cha kuzuia umeme usivuje, na mpako huo umezeeka. Koili ikipata moto, umeme unavujia humo humo ndani, hautoki tena kwenda kwenye plagi. Ikipoa, inajirudi. Ndiyo maana asubuhi ni zima, siku ya mvua ni zima, na fundi anayetoka mjini anapofika ni zima. Nikiwa bado naeleza, trekta likaanza kuruka moja, likaruka mbili, likanyamaza lenyewe mbele yetu, na Mzee Rajabu amesimama chini, mbali na usukani, mikono iko nyuma.

Mmoja wa vibarua alitazama miguu yake.

Sista alikuwa mwanamke wa kupima maneno. Alitazama trekta, akamtazama dereva. "Mzee Rajabu," alisema, "nilikuita mwongo mbele ya watu. Nakuomba radhi mbele ya watu hao hao."

"Nimesikia, Sista. Nimesamehe," alijibu Rajabu. Kisha akaokota birika lake, akaliona ni tupu, akashuka kijitoni kulijaza.

Nilileta koili nyingine ya gari dogo, ya volti zile zile, nikaifunga mbele, mbali na bomba la moshi, mahali inapopata upepo. Trekta halikuzima tena adhuhuri. Meneja, nilipomweleza, aliwaita vijana wote, akanitaka nionyeshe mbele yao jinsi ya kupima koili ikiwa ya moto. Nilimheshimu kwa hilo, maana angeweza kunyamaza.

Nilidhani habari imeishia pale. Miezi kadhaa baadaye nilirudi shuleni kwa ajili ya pampu, nikamkuta Rajabu anafunga mzigo. Msimu ulikuwa umekwisha, na dereva mwingine alikuwa ameshafundishwa.

"Wamekufukuza?" nilishtuka.

"Hapana. Sista amenibembeleza nibaki mpaka amechoka. Ni mtu mwema yule." Alikaza kamba. "Kusamehe nimesamehe, mama fundi, Mungu shahidi. Lakini kila trekta likiwaka, nasikia ule ukimya wao waliposhuka wakanikuta naswali. Nimeona niende nikatazame mikorosho yangu."

Koili niliweza kuibadilisha. Lile lingine halikuwa na spea.

Sasa nimestaafu, naishi Mfaranyaki, hapa hapa mjini. Siku ya kuagwa walinivisha kitenge, wakanipa kitanda cha mbao, Meneja akashindwa kumaliza hotuba. Vijana wa bodaboda wamegundua napoishi, wananiletea pikipiki zao. Nyingi hazina platini wala kondensa. Kazi yote imefungiwa ndani ya kisanduku cheusi kisichofunguliwa. Sisemi zamani ilikuwa bora. Platini zilitutesa, zililiwa, zilishika kutu, na mikono yangu mpaka leo ina vidole viwili visivyohisi baridi. Kisanduku cheusi kimewapunguzia taabu. Ila nawaona vijana wengi wakinunua kisanduku, kisha kingine, na ubovu uko kwenye waya uliochubuka chini ya kiti. Nawaonyesha. Wengine wanasikia.

Wananiuliza pia kama nilipata taabu kwa kuwa mwanamke. Nilipata. Lakini nilifanya kazi niliyoipenda, nikasomesha watoto kwayo, na nikamzika mume wangu nikiwa na mshahara wangu mkononi. Siwezi kusema nimeonewa na maisha.

Mwaka jana nilikwenda Tunduru kwenye harusi ya mtoto wa rafiki yangu wa zamani kule. Barabara sasa ni lami, ukisinzia umefika. Nikaulizia nyumba ya Mzee Rajabu, nikaonyeshwa. Amezeeka, anatembelea fimbo, lakini kofia ni ile ya kushona. Alifurahi mpaka akasahau kunikaribisha kiti. Binti yake alileta wali na samaki wa kukaanga, akaandaa ukumbini, na mkwewe naye akaja kusalimia.

"Mnamwona huyu mama?" Rajabu aliwaambia. "Huyu ndiye aliyeniamini mimi, watu wote waliponiona mwongo."

Nilinawa mikono, nikaona si vizuri kula sifa isiyo yangu. "Mzee Rajabu," nilisema, "tuseme kweli. Siku ile sikujua nani mkweli, wewe au trekta. Sikukuamini. Nilikuuliza tu."

Alicheka, akatikisa kichwa. Alisogeza sahani ya samaki upande wangu.

"Miezi ile yote, mama fundi," alisema, "hakuna mwingine aliyeniuliza."